Moyo Uliochoka na Sukari ya Damu



Mwanachama mwenzetu wa zamu ya usiku, fundi wa boila katika kiwanda kimoja cha sukari, aliambiwa hospitalini mambo mawili kwa siku moja: kwamba moyo wake umedhoofika, na kwamba ana ugonjwa wa sukari. Alirudi nyumbani na mfuko wa vidonge na azimio moja. La moyo alimwachia daktari, lakini sukari alisema ataipiga vita mwenyewe. Alimeza vidonge vya sukari asubuhi na jioni bila kukosa, akaacha posho, akaacha ndizi, akaacha hata uji, na kila alipopimwa akaona tarakimu imeshuka alifurahi. Usiku mmoja, yapata saa nane, wenzake walimkuta amekaa chini kando ya boila, jasho linamtiririka, anasema maneno yasiyoeleweka. Wengi walidhani sukari imempanda, na mmoja akakataza asipewe chai. Bahati njema muuguzi wa zahanati alifika na mashine yake. Ilisoma 2.3. Sukari haikuwa imepanda hata kidogo. Ilikuwa karibu kwisha mwilini.

Tangu usiku ule tumeulizwa swali moja katika kila tawi tulilopita. Mtu mwenye moyo dhaifu, akitaka kuishi miaka mingi na kulea watoto wake, sukari yake iwe chini kiasi gani? Tumewauliza waganga na tumesoma yaliyochapishwa. Jibu si lile ambalo wengi wetu tulilitegemea, na ndiyo maana tumeona yafaa lielezwe kwa kirefu.

Kwanza tuelewane juu ya moyo. Waganga wakisema moyo umeshindwa kazi hawana maana kwamba umesimama. Kila aliyefanya kazi kiwandani anaijua pampu iliyochakaa. Inazunguka, inanguruma, inakula umeme kama kawaida, lakini maji yanayofika tangini ni kidogo, na nyuma yake bomba limejaa. Moyo dhaifu ni hivyo hivyo. Damu inayosukumwa mbele haitoshi, kwa hiyo mtu huchoka upesi na kuhema akipanda mlima mdogo tu. Damu inayorudi hukwama nyuma, na maji hujaa miguuni, tumboni na mapafuni. Mgonjwa hulala juu ya mito miwili au mitatu, na usiku huamka akitafuta pumzi. Figo nazo hukosea hesabu: zikiona damu inayozifikia ni haba, hudhani mwili umekauka, zikashikilia chumvi na maji zaidi. Hapo mzigo wa moyo huongezeka.

Hapa kwetu haya si maradhi ya wazee peke yao. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi katika nchi 9 za Afrika, Uganda na Kenya zikiwemo. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 52. Huyo ni mtu aliye kazini, mwenye watoto shuleni. Sababu iliyoongoza ilikuwa presha, karibu wagonjwa 45 katika kila 100. Waliokuwa na ugonjwa wa sukari walikuwa kama 11 katika 100. Na katika muda wa miezi sita, karibu 18 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kufariki.

Sukari inaingiaje hapo? Uhusiano huo ulijulikana zamani. Katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, madaktari walianza mwaka 1948 kuwafuatilia watu wa kawaida, mwaka hadi mwaka, ili kuona nani atapata ugonjwa wa moyo na kwa nini. Taarifa yao ya mwaka 1974 ilionyesha kwamba wanaume wenye ugonjwa wa sukari walipatwa na moyo dhaifu mara mbili na zaidi kuliko wenzao wasio nao, na wanawake kama mara tano. Mama zetu wachuma chai wasidhani basi kwamba moyo ni ugonjwa wa waume zao.

Sukari iliyozidi kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo na mikubwa, ikiwemo ile inayoulisha moyo wenyewe. Huufanya msuli wa moyo kuwa mgumu, usiweze kulegea na kujaa damu vizuri. Huharibu figo pia, na tumekwisha kuona kazi ya figo katika jambo hili. Lakini njia hii hupitwa pande zote mbili. Moyo ukidhoofika, mwili hujiona uko hatarini na kumwaga homoni za mshtuko, na homoni hizo huliamuru ini litoe sukari kwenye damu. Misuli nayo, kwa kuwa mgonjwa hatembei wala hafanyi kazi, huitumia kidogo. Kwa hiyo mtu ambaye hakuwa na sukari kabisa huweza kuipata baada ya moyo kuchoka. Asilaumiwe kwamba alikula miwa mingi shambani.

Sukari hupimwa kwa njia mbili, na ni vema kuzitofautisha. Ya kwanza ni tone la damu ya kidole. Hii hueleza hali ya saa ile tu. Mtu ambaye hajala tangu jana akipimwa asubuhi, kikifika 7.0 au zaidi, na kikarudiwa siku nyingine kikawa vile vile, ana ugonjwa wa sukari. Ya pili katika karatasi ya maabara huandikwa HbA1c. Sukari iliyomo kwenye damu hunata kwenye chembe nyekundu, na chembe hizo huishi kama siku 120. Basi kwa kupima kiasi kilichonata, mganga huona wastani wa miezi miwili au mitatu iliyopita. Kipimo cha kidole ni kama karani anayehesabu watu getini asubuhi moja. HbA1c ni daftari zima la mahudhurio. Hapa 6.5 kwa mia na zaidi ndiyo ugonjwa. Lakini daftari nalo huweza kudanganya: mwenye aina fulani za upungufu wa damu, au mwenye selimundu, chembe zake haziishi siku zake zote, na tarakimu huweza kusomeka chini kuliko ukweli. Mwambie mganga kama unayo mojawapo ya hali hizo.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe.

Mwaka 2009 huko Marekani ilichapishwa hesabu ya askari wastaafu 5,815 waliokuwa na maradhi yote mawili, moyo dhaifu na sukari. Waligawanywa mafungu matano kufuatana na HbA1c zao, wakafuatiliwa miaka miwili. Mtu angetazamia kwamba fungu lenye sukari ya chini kuliko yote ndilo lingepata vifo vichache. Haikuwa hivyo. Waliokufa wachache zaidi walikuwa wa fungu la katikati, wenye HbA1c ya 7.1 hadi 7.8. Waliokuwa juu ya hapo walikufa zaidi; na waliokuwa chini ya hapo walikufa zaidi vile vile. Ukiichora hesabu hiyo kwenye karatasi utapata umbo la karai: kingo mbili zimeinuka, na katikati pameshuka.

Ni kweli wale walikuwa wengi wao wanaume, wazee, na ni Wamarekani. Hatuwezi kuchukua tarakimu zao na kuwavika wachuma chai wetu kama vile ni sare. Lakini umbo la karai limeonekana pia katika hesabu nyingine za wagonjwa wa moyo dhaifu wenye sukari, na halina budi kuelezwa.

Maelezo yako mawili, na tunaona yote mawili yana ukweli ndani yake. La kwanza ni kwamba ugonjwa wenyewe ukizidi humkondesha mtu. Hamu ya chakula hupotea, misuli huisha, ini na figo huchoka, na sukari hushuka yenyewe. Katika fungu la chini basi wamo waliokuwa tayari mahututi, na sukari yao ndogo ilikuwa dalili ya hali mbaya, wala haikuwa chanzo chake. Hivyo, ndugu, mgonjwa wa moyo ambaye sukari yake imeanza kushuka na nguo zimeanza kumpwaya bila kubadilisha dawa, asipongezwe. Apelekwe kwa mganga.

La pili ni kwamba kuishusha mno huumiza. Sukari ikipungua ghafula, mwili hupiga kengele: moyo hukimbia, presha hupanda, mapigo huweza kuvurugika. Kijana mwenye moyo mzima atatetemeka, atakunywa chai, yatapita. Pampu iliyochakaa haipendi kuwashwa na kuzimwa namna hiyo. Jaribio kubwa lililofanyika Marekani na Kanada kwa watu 10,251 wenye sukari na walio katika hatari ya maradhi ya moyo lilitoa onyo ambalo madaktari hawajalisahau. Nusu yao walisukumwa washuke chini ya 6.0, nusu nyingine waliachwa kati ya 7.0 na 7.9. Februari 2008 sehemu ile ya kusukuma ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu baada ya kama miaka mitatu na nusu walikuwa wamekufa watu 257 katika kundi la kusukumwa, na 203 katika lile jingine. Ni nini hasa kilichowaua, madaktari wanaendelea kubishana. Ila kile walichokiamini wengi, kwamba chini zaidi ni bora zaidi, hakikusimama tena.

Mwaka 2019 Shirika la Moyo la Marekani, pamoja na chama cha madaktari wa moyo dhaifu wa nchi hiyo, walishauri kwamba kwa wengi wenye maradhi haya mawili HbA1c ya 7 hadi 8 inafaa. Kila mtu ana lake kufuatana na umri, figo na dawa anazotumia, na mganga wake ndiye wa kuamua. Wala asitokee mtu akasema chama kimeruhusu sukari guru. Kingo za karai ni mbili! Waliokuwa juu nao walikufa zaidi, na kabla ya kufa, sukari ya juu huharibu macho na figo, na huua hisia za nyayo, hata mkata miwa akakanyaga kisiki asijue mpaka kidonda kimeoza.

Kuhusu dawa tutasema machache, maana hatuandiki cheti. Jambo la kushika ni kwamba kushusha sukari na kuusaidia moyo si kitu kimoja. Ipo dawa iitwayo pioglitazoni, ambayo hushusha sukari vizuri lakini huufanya mwili ushikilie maji. Kwa mwenye moyo dhaifu haifai. Glibenklamidi, kile kidonge kidogo cha bei rahisi ambacho wengi wetu tunapewa, hukamua kongosho litoe insulini, umekula au hukula. Hicho ndicho alichokuwa akimeza fundi wetu wa boila. Kwa mwenye figo dhaifu hukaa mwilini muda mrefu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakiwafai waliopita miaka 60. Metformini haikamui hivyo; zamani ilikatazwa kwa wenye moyo dhaifu, lakini katazo hilo liliondolewa Marekani mwaka 2006, na kwa mtu ambaye figo zake zinafanya kazi ni dawa nzuri.

Halafu kuna aina mpya, dapagliflozini na empagliflozini, ambazo huzifanya figo zitoe sukari na chumvi kwenye mkojo. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio la dapagliflozini kwa wagonjwa 4,744 wa moyo dhaifu. Katika waliopewa dawa, 16 kati ya 100 walikufa kwa moyo au mishipa, au moyo wao ulizidi kuwa mbaya. Katika waliopewa kidonge kisicho na dawa, 21. Kinachotushangaza, na kinachofundisha, ni kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wale hawakuwa na ugonjwa wa sukari, nao walisaidika sawa na wenzao. Maana yake dawa hii haikuwaokoa kwa kushusha tarakimu kwenye mashine. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia aina hii katika orodha ya dawa za lazima, kwa wenye sukari. Bado ni ghali kwa mtu wa kipande, na anayeitumia akitapika au akiwa hawezi kula ni lazima aone mganga upesi.

Pamoja na hizo, vidonge vya presha na vya moyo, kama enalaprili, bisoprololi na spironolaktoni, ndivyo vilivyothibitishwa kurefusha maisha ya wenye moyo dhaifu. Fundi wetu aliviacha viishe mwezi mzima bila kununua vingine, kwa kuwa fedha alizipeleka kwenye vidonge vya sukari. Alikuwa akilinda nyumba upande usio na mwizi.

Tumefika sasa kwenye mambo ambayo mganga hayaoni, kwa sababu hafanyi kazi zamu yetu. Mgonjwa huambiwa ameze dawa na ale kwa wakati. Nani anakula kwa wakati kwenye zamu ya usiku isiyo na chakula? Mkata miwa anaanza kipande alfajiri na tumbo tupu, ameshameza glibenklamidi kama alivyoagizwa, na hatakula mpaka kipande kiishe. Mchuma chai amepewa furosemidi, kidonge cha kutoa maji, na choo kiko mbali naye. Tumezungumza na akina mama ambao hukiacha kidonge hicho siku zote za kazi na kukimeza Jumapili tu. Miguu huvimba, nyapara husema ni uvivu. Mwingine anakimeza na kukata miwa juani bila maji mpaka akaanguka. Wote hao katika cheti huandikwa kwamba hawafuati masharti.

Ipo na hofu ya kazi yenyewe. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Lakini mtu akiwa bado mgonjwa mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri ameruhusiwa kuvunja mkataba. Moyo dhaifu hauponi kwa miezi miwili. Ni ugonjwa wa kuishi nao miaka. Ndiyo maana wengi huuficha, hukosa kliniki, na hurudi kazini miguu ikiwa bado imevimba. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 110 wa mwaka 1958, unaohusu mashamba makubwa, una sehemu nzima juu ya matibabu ya wafanyakazi. Zahanati ya shamba basi si zawadi ya meneja, na kuomba iwe na mashine ya sukari, mizani na dawa za presha si utundu.

Tukitaja mizani, kuna jambo dogo ambalo kila mgonjwa anaweza kulifanya. Apimwe uzito kila asubuhi, baada ya choo na kabla ya kula. Ukipanda zaidi ya kilo 2 kwa siku tatu, hayo si mafuta, ni maji, na aende zahanati kabla pumzi haijakata. Ghala lina mizani ya magunia ambayo husimama bure mpaka saa mbili asubuhi. Katika tawi moja karani wa ghala amekubali itumike, na hakuna gunia lililolalamika.

Kila kikundi cha zamu kijue pia la kufanya mwenzao akitetemeka, akitoka jasho la baridi, akiwa mkali au akisema ovyo. Kama yuko macho na anaweza kumeza, apewe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, hata kama mashine haipo. Akipata nafuu baada ya robo saa ale chakula, asipopata arudiwe. Kama amezimia asimiminiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Wanaomeza bisoprololi au dawa za jamii yake wajihadhari zaidi, kwa kuwa dawa hizo huficha kutetemeka na kwenda mbio kwa moyo. Jasho hubaki, na jasho ndilo la kutazamwa.

Fundi wa boila yu hai. Mganga alimwondolea glibenklamidi akampa metformini, akamrudishia vidonge vya moyo, na HbA1c yake ya mwisho ilikuwa 7.4. Mara ya kwanza alisikitika, akidhani amerudi nyuma, mpaka alipoelezwa haya tuliyoyaandika. Sasa yuko stoo ya vipuri, zamu ya mchana. Uhamisho huo ulichukua barua tatu za tawi.

Katika mazungumzo na uongozi wa kiwanda kile tuliomba mambo manne: uji wa saa sita usiku kwa zamu yote, choo na maji karibu na wachumaji na wakataji, kazi nyepesi kwa mwenye cheti cha moyo, na siku moja ya kliniki kila mwezi isiyokatwa mshahara. Uji umekubaliwa na umeanza kutolewa. Vyoo vimeahidiwa. Kazi nyepesi itaamuliwa kwa kila mtu peke yake, jambo ambalo hatulipendi, kwa kuwa nyapara ndiye atakayesikilizwa kwanza. Siku ya kliniki imekataliwa kwa maelezo kwamba wagonjwa ni wachache mno kuandikiwa kifungu. Suala hilo tunalirudisha mezani mwezi ujao, na makatibu wa matawi wanaombwa walete kabla ya hapo hesabu ya wanachama wanaohudhuria kliniki ya moyo, ya presha na ya sukari. Idadi tu, bila majina.